Kihisishi cha Njia Moja

Wiki ya tano ya kozi, Atupele Mwaisaka alivua kihisishi kabla dakika mbili hazijaisha, akakiweka mezani kama mtu aliyeokota mdudu kwenye kola yake.

"Humu hamna mtu," alisema.

Darasa zima likageuka. Aliyekaa mbele yake, Nehemia Sichone, hakugeuka. Chake kilikuwa bado nyuma ya sikio, mikono juu ya magoti, macho ukutani.

"Hamna mtu kivipi?" Sekela aliuliza kutoka mbele ya darasa.

"Dada Sekela, nimeshakaa na watu sita tangu tuanze. Kila mtu ana kitu. Hata mwenye usingizi, unausikia usingizi wake. Huyu ni kama kuegemea ukuta."

Wachache walicheka. Nehemia alivua kihisishi, akakifuta kwa leso, akakirudisha kwenye kisanduku kilichokuwa juu ya meza ya mwalimu. Akatazama saa. Kisha akatoa daftari la karatasi, akaandika mstari mmoja, akalifunga.

Sekela Mwambene alikiona kitendo hicho na hakukipenda, ingawa siku hiyo asingeweza kusema kwa nini.

Yeye mwenyewe hakuwa mhadhiri. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa saikolojia, na Chuo Kikuu cha Ngosi kiliwaruhusu wanafunzi wa mwaka huo kufundisha wenzao kozi ndogo ya uniti mbili, mradi mhadhiri mmoja akubali kuwa mlezi wa kozi. Kozi yake aliiita Aina za Watu na Kuhisiana. Aliianzisha kwa hasira. Kila anayeingia chuoni alikalishwa saa mbili chini ya kofia ya vipimo, akatoka na moja ya aina nane imechapishwa kwenye kitambulisho chini ya jina lake: Mpatanishi, Mlezi, Mpimaji, Mlinzi, Mchangamfu na nyinginezo. Chumba cha bweni kilifuata aina. Kikundi cha kusomea kilifuata aina. Hata mahali pa mafunzo kwa vitendo palifuata aina. Miaka mitatu Sekela aliwasikia watu wakimalizana kwa sentensi moja, "Aa, Wapimaji ndivyo walivyo," na mazungumzo yakafia hapo. Alitaka wasikie kilichomo ndani ya hao Wapimaji.

Ndiyo maana ya vihisishi. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa punje ya dengu na kilibandikwa nyuma ya sikio. Kilisoma mapigo ya moyo, jasho, pumzi na mkazo wa taya, kikayapeleka kwa kihisishi cha mwenzako, na hicho kikaugusa mshipa wake wa fahamu mpaka mwili wake ukaitika. Hakikupeleka maneno wala mawazo. Uliogopa, mwenzako naye tumbo likamshika, bila kujua unaogopa nini.

Siku ya kwanza Sekela aliandika sheria tatu ubaoni. Wawili wakubaliane. Yeyote akivua, zoezi limekwisha. Hakuna kinachohifadhiwa. Ile ya tatu ndiyo iliyowaleta watu ishirini na wanne kwenye chumba cha viti ishirini.

Nehemia alijiandikisha wiki ya tatu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mkubwa kuliko wote, aliyefanya kazi kabla ya kuja kusoma. Kitambulisho chake kilisema Mlinzi.

*

Jumatatu iliyofuata Atupele alimkuta Sekela kwenye mkahawa wa chuo, akaweka barua mbele yake bila kusalimia.

Atupele alisomea uuguzi, na tangu mwaka wa kwanza hakuzungumzia kitu kingine ila wodi ya watoto. Barua ilitoka ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ilieleza kwamba, kutokana na tathmini endelevu, aina yake imebadilishwa kutoka Mlezi kuwa Mpimaji, na kwa hiyo mafunzo yake kwa vitendo yatafanyika maabara. Sababu iliandikwa kwa mstari mmoja: *hasira ya kina isiyojitokeza usoni*.

"Soma tena hapo mwisho," Atupele alisema.

"Nimesoma."

"Hiyo hasira nimeitoa mahali pamoja tu duniani. Darasani kwako, wiki ya nne, nilipokuwa namweleza Tulibako jinsi baba mdogo alivyouza shamba la mama. Sijamwambia mtu mwingine. Nyumbani penyewe hawajui kama naumia."

"Tulibako asingeweza…"

"Tulibako naye ameitwa ofisini. Na yule binti wa uhandisi anayekaa dirishani. Watatu, Sekela." Hakusema dada safari hii. "Ulituambia hakuna kinachohifadhiwa."

"Hakihifadhiwi. Naapa."

"Basi kuna mtu anatusema."

Sekela alikunywa chai iliyokwisha kupoa. Jioni alimweleza Gwamaka, rafiki yake wa sayansi ya kompyuta aliyemsaidia kuendesha kozi na aliyevijua vihisishi kuliko yeye. Gwamaka hakufikiri hata dakika moja.

"Sichone."

"Usikurupuke."

"Hesabu mwenyewe. Kaja wiki ya tatu, barua zimeanza baada ya wiki ya tatu. Anaandika kwenye karatasi ili kusiwe na wa kumfuatilia. Ukikaa naye hupati kitu, maana yake amefundishwa kujificha. Na ni Mlinzi. Kazi yake imeandikwa kwenye kitambulisho!"

Sekela alitaka kumwambia kwamba hayo hasa ndiyo waliyokuwa wakipinga kila Alhamisi. Hakumwambia. Tangu asubuhi alikuwa anaona vitu: fulani aliyetoka darasani kupokea simu, fulani aliyeuliza jina la mwenzake mara mbili, na mara zote akirudi kwa lile daftari. Shaka ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki, na Gwamaka alikuwa anampa tonge la kuusukumia.

"Kuna hali ya njia moja," Gwamaka alisema. "Mafundi huitumia kupima kama kihisishi ni kizima. Wewe utamsikia, yeye hatakusikia. Mwambie amepangwa na Tulibako. Mtaje Atupele, uone moyo wake unakwenda wapi. Ukuta haukai ukuta usipojua kama unaegemewa."

"Huko ni kumvua mtu nguo, Gwamaka."

"Atupele ameshavuliwa. Wewe unamsitiri nani?"

Usiku alijigeuza sana kitandani. Asubuhi alimwandikia Gwamaka neno moja: *Andaa*.

*

Alhamisi saa tano kasoro robo Sekela alimpa Nehemia kihisishi kwa mkono wake mwenyewe.

"Leo uko na Tulibako, kaka Nehemia. Yuko njiani anakuja. Kivae tu umsubiri."

"Asante, mwalimu," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, na Sekela hakuwahi kujua kama ni heshima au kejeli.

Chake alikuwa amekwisha kukibandika, kimefichwa na nywele alizozisuka wiki hiyo. Alirudi mbele, akaligeukia darasa, akaanza kueleza zoezi la siku. Katikati ya sentensi Nehemia akamfikia.

Hakuwa ukuta. Alikuwa mtu mwenye hofu. Hofu ya zamani, iliyozoeleka, inayokaa chini ya mbavu kama njaa ya mchana, na juu yake uchovu wa kuibeba. Sekela alishika ukingo wa meza. Kwa nukta chache alimwonea huruma kiasi cha kutaka kunyoosha mkono avue. Lakini hakuvua. Badala yake akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kabla hatujaendelea, mwenzetu Atupele amepata matatizo. Ameondolewa wodi ya watoto kwa sababu ya jambo lililotokea humu."

Moyo wa Nehemia ulipiga teke. Sekela aliusikia kifuani mwake mwenyewe, halafu ikaja ile hali ambayo kila mtu anaijua bila kufundishwa, joto la uso, koo kukauka, tamaa ya kuitazama sakafu. Hatia. Haikuwa na jina lingine.

"Ni wewe," alisema.

Darasa likamgeukia Nehemia.

"Mimi nini?" Nehemia aliuliza.

"Ni wewe unayetupeleka ofisini. Nimekusikia. Nimemtaja Atupele na nimekusikia!"

Nehemia alimtazama. Taratibu akapeleka mkono nyuma ya sikio, akabandua kihisishi, akakigeuza chini ya mwanga wa dirisha. Uso wake ulibadilika pale alipoona kitu alichokuwa anakitafuta.

"Taa yake ya kupokea imezimwa," alisema. "Umenivalisha njia moja."

Atupele, aliyekuwa mstari wa nyuma, alisimama. "Umemvalisha nini?"

"Alikuwa ananisikiliza bila mimi kujua," Nehemia alimjibu, macho yake yakiwa bado kwa Sekela. "Nilivitengeneza hivi vitu miaka saba kiwandani, kabla sijaja hapa. Njia moja tuliikataza hata sisi kwa sisi." Akavuta daftari, akalisukuma mezani. "Soma. Wasomee na wenzako."

Sekela alilifungua. Hapakuwa na majina ya watu. Palikuwa na tarehe na saa, Alhamisi moja baada ya nyingine. *Kisanduku, taa ya bluu, 5:40, sekunde kumi na mbili. Kisanduku, taa ya bluu, 5:40, sekunde kumi na nne.*

"Taa ya bluu ni kutuma," Nehemia alisema. "Kila vihisishi vikirudishwa, kisanduku kinatuma kila kilichosomwa siku hiyo. Niliiona siku yangu ya kwanza. Tangu hapo, kila zoezi likianza, nafanya hesabu kichwani, kumi na saba mara kumi na saba, kumi na nane mara kumi na nane, ili wasipate kitu. Ndio huo ukuta."

"Kwa nini hukusema?" Atupele aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sikujua nimwambie nani. Kozi ni yake." Alimwonyesha Sekela kwa kidevu. "Kisanduku ni chake. Sheria ya kutohifadhi kaiandika yeye ubaoni, huku taa inawaka nyuma yake. Nilidhani yeye ndiye anayetuuza. Nikasema nikusanye ushahidi kwanza. Halafu wewe ukapata barua." Akamgeukia Atupele. "Ningekuambia ile wiki ya tatu, usingevaa tena. Hatia hiyo ndiyo aliyoisikia."

Sekela alikuwa bado na kihisishi nyuma ya sikio, na hakukuwa na chochote ndani yake sasa. Alichokisikia kilikuwa cha kweli. Hofu ilikuwa ya kweli, hatia ilikuwa ya kweli. Maana yake aliiweka yeye.

Nehemia alichukua begi lake. Daftari aliliacha pale pale.

*

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Sekela. Karibu ukae."

Daktari Mwasomola, mlezi wa kozi, alikuwa mtu mpole, mwenye ofisi iliyojaa maua ya kopo. Ndiye aliyewapatia vihisishi na kisanduku chake. Alimsikiliza Sekela mpaka mwisho, akafungua mkataba wa kozi kwenye kishikwambi, akausogeza mbele yake.

"Ukurasa wa nne," alisema.

Ilikuwa imeandikwa hapo, kwa maneno laini: *takwimu za mazoezi zitatumika kuboresha tathmini ya aina*. Chini yake, sahihi ya Sekela.

"Sikuielewa hivyo."

"Ulitaka kozi ianze, ukasaini. Sikulaumu, hata mimi ujanani nilikuwa na haraka." Alitabasamu. "Kofia ya mwaka wa kwanza inakosea, mwanangu. Mtu akijua anapimwa hujikaza. Kwako hawajikazi, wanakuamini. Unajua ni vigumu kiasi gani kupata hicho? Mwaka ujao tunataka kozi hii iwe ya lazima kwa wote wanaoingia, na wewe uwe msimamizi wake."

"Na Atupele?"

"Mtoto mgonjwa anahitaji muuguzi asiye na hasira ndani yake."

"Amekuwa na hiyo hasira miaka yote. Hajawahi kumpandishia mtu sauti. Kuna mtu aliyemuuliza?"

Daktari Mwasomola alimwagilia ua moja, akasema kwa upole ule ule kwamba Kamati ya Rufaa ingeweza, bila shaka, kukiita kisanduku. Kikiitwa, kingefunguliwa chote. Na humo mlikuwa na kumbukumbu ya Alhamisi, saa tano kasoro robo, njia moja, msomaji Sekela Mwambene, msomwaji hakuridhia. "Adhabu yake unaijua. Mimi nisingependa kuiona. Tuyaache kama yalivyo, yatapoa."

Sekela alitoka. Nje wanafunzi walipita wawili wawili wakielekea maktaba, na alijikuta anawatazama nyuma ya masikio.

Gwamaka alimsubiri kwenye ngazi. Baada ya kusikia yote, wazo lake lilikuwa la moja kwa moja: wafute. Yeye angeweza kuingia kwenye kisanduku, afute ile mistari ya Alhamisi peke yake, halafu waende kwenye Kamati wakiwa safi.

"Ukigusa mstari mmoja, watasema tumegusa yote," Sekela alisema. "Atupele hatabaki na kitu."

"Usipofuta, unaondoka chuo. Na mimi pia!"

"Jina lako halimo. Ni langu tu."

"Sekela, wewe ndiye ulikuwa unajaribu kusaidia watu."

"Nehemia hakuniomba msaada." Aliketi kwenye ngazi. "Ukweli ni kwamba nilisikia anaogopa, na nikaendelea. Hilo ndilo linanisumbua, Gwamaka. Nilimwonea huruma kabisa, na nikaendelea."

Gwamaka alikaa kando yake. Alisema kwamba njia moja aliifungua yeye, na hilo ataliandika mwenyewe kwa jina lake. Sekela hakumkataza.

Walikipeleka kisanduku kikiwa kimefungwa, pamoja na daftari. Kabla ya hapo Sekela aliingia darasani mara ya mwisho, akafuta ubaoni sheria ya tatu, akawaeleza watu ishirini na watatu alichosaini na alichofanya. Wengine walitoka kabla hajamaliza. Tulibako alimwita mnafiki mbele ya wote, na Sekela akasimama hapo akasubiri amalize.

*

Kamati ilikaa wiki sita. Barua tatu zilifutwa, na Atupele akaanza kwenda wodi ya watoto. Daktari Mwasomola alihamishiwa idara nyingine bila maelezo. Gwamaka alipewa onyo la maandishi, Sekela alisimamishwa masomo mwaka mmoja. Tathmini ya aina haikuguswa. Wanafunzi wapya waliendelea kukaa chini ya kofia, na tetesi zilisema vihisishi vipya vilikuwa vinakuja, vidogo zaidi.

Siku aliyofunga mizigo, Sekela alishuka mjini kwenye karakana moja ndogo nyuma ya stendi, ambako Nehemia alitengeneza vifaa vya kusaidia wasiosikia. Alikuwa ameiacha kozi, na hakuwa amemjibu ujumbe wake hata mmoja. Alimkuta ameinama juu ya meza, lenzi jichoni.

"Hodi."

Nehemia aliinua kichwa. Hakusema karibu.

"Nimekuja kukuomba msamaha," Sekela alisema mlangoni. "Sitaki kukuandikia tena. Naondoka leo kwenda nyumbani."

"Sogeza nywele."

Alielewa mara moja. Akaweka mkoba chini, akashika misuko yake kwa mikono miwili, akaiinua. Nehemia alizunguka meza. Alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumsikia pumzi, akatazama sikio la kushoto kwa lenzi ileile ya kazi. Hakuharakisha. Akahamia la kulia. Sekela alitazama barabarani, mikono ikaanza kumuuma, na hakuishusha.

"Na kwenye kola," Nehemia alisema.

Alifungua kifungo cha juu, akaigeuza kola.

Nehemia alirudi upande wake wa meza. Alivua lenzi, akaifuta kwa leso, akaikunja leso mara mbili. Kisha kwa mguu akakisukuma mbele kigoda cha mbao kilichokuwa kiti pekee cha wageni.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini kaa. Niulize unachotaka kukijua, na mimi nitaona kama nitakujibu."

Sekela akakaa.